Duka linavunjwa mbele yako: uingilie ama upite?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo shika chai kwanza.

Maandamano yakiisha tu, mjadala huu hurudi. Mmoja anaposti video ya kioo kikipasuliwa na vijana wakitoka na runinga kichwani, halafu anauliza: "Na nyinyi wengine mlikuwa mnatazama tu?" Wa pili anajibu kwamba hao ni wahuni wa kukodiwa, waandamanaji hawahusiki. Wa tatu anaingia na ile ya mali hurudi, maisha hayarudi. Siku mbili baadaye kila mtu amebaki na jibu alilokuja nalo, na mwenye duka bado anafagia vioo.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuna anayemjibu vizuri. Si mwizi, si karao, si mwenye duka. Alikuwa kwa maandamano, ama alikuwa anatafuta matatu aende nyumbani, na sasa yuko mita tano kutoka kwa mlango unaovunjwa. Sheria inataka afanye nini? Na akili ya kawaida je? Kama kawaida yetu hapa, hatutaji chama wala mwanasiasa. Mkitaka kutajana majina, mitandao iko mingi.

Jambo hili si geni. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, maduka ya Nairobi yaliporwa mchana kweupe. Baada ya uchaguzi wa 2007, supamaketi na maduka ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa. Tarehe 25 Juni 2024 supamaketi moja kubwa Nyeri iliteketea siku ile ile macho ya nchi yalipokuwa kwa Bunge. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, ilikuwa zamu ya maduka ya katikati ya Nairobi. Siku zote hizo watu waliosimama kando wakitazama walikuwa wengi kuliko waliovunja.

Kabla ya sheria, swali moja ambalo kwenye hizi video halionekani: ndani kuna nani?

Mjini, vurugu zikianza, wenye maduka wengi hawakimbii. Wanateremsha mlango wa chuma na kujifungia ndani, wao na wafanyakazi wao, pengine na wateja wawili watatu walionaswa. Yale majengo ya River Road na Nyamakima yenye vistoli hamsini kwa ghorofa moja, mengi yana ngazi moja nyembamba, madirisha ya nyuma yamewekwa grili, na soja yuko juu kabisa. Kwa hivyo anayevunja mlango anaweza kuwa anavunja mlango wa watu, na anayewasha moto pale chini anaweza kuwa anachoma watu bila kujua, ama akijua na hajali. Ukisikia mtu anasema "ni duka tu", muulize kama amehesabu waliomo.

Ndiyo maana kwangu hoja ya mali dhidi ya maisha imekatwa vibaya. Mara nyingi hivyo viwili viko nyuma ya mlango mmoja.

Sasa sheria. Katiba, Ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Ibara ya 40 inalinda mali. Zote mbili ni haki za mtu mmoja mmoja, na moja haifuti nyingine. Aliyevunja kioo ametoka nje ya Ibara ya 37 yeye mwenyewe. Aliye hatua tatu kutoka kwake na bango mkononi bado yuko ndani yake. Hiyo kauli ya "wote ni wezi" haina mguu wa kusimamia kwenye sheria, kwa sababu kosa la jinai humfuata aliyelitenda, ama aliyeshirikiana naye.

Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 5. Kuvunja duka, kuingia na kuiba ndani, kifungu cha 306, hadi miaka 7. Kuchoma jengo, kifungu cha 332, kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Shikeni hiyo ngazi vizuri maana tutaihitaji.

Watu wengi huamini, na hata mawakili wengine wa mitandaoni huandika, kwamba Kenya hakuna sheria inayomlazimisha anayetazama kufanya chochote. Si kweli kabisa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 392, inasema kwamba anayejua mtu anapanga ama anatenda feloni, yaani lile kundi la makosa makubwa, kisha asitumie njia zote za busara kulizuia, naye ana kosa. Adhabu yake ni ile ya makosa madogo kwa jumla, hadi miaka 2 jela, ama faini, ama vyote viwili. Kifungu hicho si mapambo, watu hushtakiwa nacho.

Hapo ndipo ile ngazi inapoingia. Kuvunja kioo peke yake kumewekwa kwenye makosa madogo, hata kama miaka 5 si midogo kwako wewe, kwa hivyo kifungu cha 392 hakikugusi ukitazama kioo kikipasuka. Kuingia ndani na kuiba, ama kuwasha moto, ni feloni. Jiwe likirushwa, sheria haikulazimishi. Petroli ikimwagwa, inaanza kukuuliza ulifanya nini.

Lakini someni tena maneno "njia za busara". Hakuna anayedai ujitupe mbele ya vijana ishirini wenye vyuma. Kupiga 999 ama 112 ni njia. Kupiga kelele ni njia. Kumwarifu soja wa jengo jirani ni njia, na kumwambia mwenye duka kwamba mlango wa nyuma unavunjwa ni njia. Kusimama kimya na simu juu, ukicheka, ukitafuta pembe nzuri ya video, sijui wakili wako ataiitaje hiyo njia.

Kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi, wamkamate mtu. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 34, inaruhusu raia kumkamata mtu akimwona kwa macho yake akitenda kosa la aina ambayo polisi hukamata bila waranti, ama akimshuku kwa sababu za kueleweka kwamba ametenda feloni. Kifungu hicho hicho kinasema anayepatikana akiharibu mali anaweza kukamatwa na mwenye mali, wafanyakazi wake, ama watu aliowaruhusu. Ile sehemu ya "aliowaruhusu" huwa haitajwi. Mama mwenye duka akikupigia kelele "nisaidie, mshike huyo", umesimama mahali pazuri zaidi kisheria kuliko shujaa aliyejituma mwenyewe.

Ukishamshika, kifungu cha 35 kinakutaka umkabidhi kwa polisi bila kukawia, na kama hakuna polisi karibu, umfikishe kituo kilicho karibu. Hakuna mahali sheria imesema umfunge kwa mlingoti, umvue nguo, ama umhoji kwa kamera ataje aliyemtuma. Na polisi nao, wakishampokea, wana saa 24 za kumfikisha mahakamani chini ya Ibara ya 49, isipokuwa muda huo ukiangukia nje ya saa za korti.

Nguvu je? Kifungu cha 17 kinaachia mahakama kupima kwa kanuni za kale za sheria ya Uingereza: nguvu iwe ya lazima na iwe ya kadri. Kumsukuma mtu atoke mlangoni unaweza kuitetea. Kumpiga rungu la kichwa mtu anayekimbia na jozi ya viatu, hapana. Akifa, hiyo inaitwa mauaji, na viatu havitakusaidia kortini.

Wacha nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi Wakenya tunajulikana. Neno "mwizi!" likipigwa barabarani, kila mtu anageuka hakimu. Tunaita haki ya umati, jina zuri kwa kitu kibaya. Vijana wanne wameanza kuvunja duka, watu mia wameanza kuwafukuza, mmoja ameanguka. Je, aliyeanguka ni mmoja wa wale wanne? Ama ni yule aliyekuwa anakimbia vitoza machozi na begi mgongoni? Kwenye moshi hakuna anayejua. Kisha jiwe la kwanza linatoka, na wale waliokuja "kusaidia" wanakuwa ndio wahalifu wakubwa zaidi wa siku hiyo.

Sheria haisahau hapo pia. Kifungu cha 21 kinasema watu wakishirikiana kwa nia moja isiyo halali, na kosa likatokea ambalo lilikuwa tokeo la kutarajiwa la nia hiyo, kila mmoja ahesabiwe amelitenda. Wewe uliyepiga teke moja tu unaweza kuwa kizimbani na yule aliyeleta tairi. Ibara ya 29 ya Katiba nayo inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili, utoke kwa serikali ama kwa raia. Mwizi ni "kila mtu".

Mnakumbuka pia kauli ya Julai 2025, kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitali, halafu kortini. Kuna waliopiga makofi, na ninaelewa hasira ya mtu aliyepoteza duka. Ila risasi ya "mguuni" katikati ya umati unaokimbia huenda ikampata yule yule wa pembeni tunayemzungumzia leo. Na mtu akishaambiwa kortini ni hatua ya mwisho baada ya risasi, kuna Ibara ya 50 imerukwa, ile inayosema ni asiye na hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Turudi kwa mwenye duka, kwa sababu yeye ana hoja moja anayotupiwa kila mwaka: "Bima italipa." Jamani. Bima ya kawaida ya moto na wizi mara nyingi haigusi hasara ya vurugu za kisiasa. Hiyo huuzwa kando, kama bima ya machafuko ya kisiasa na ugaidi, na inayo pesa yake ya ziada. Supamaketi kubwa inaweza kuwa nayo. Dada mwenye kistoli cha simu hana. Alilipa gudwili kuingia hapo, kodi iko mbele, mzigo ameuchukua kwa mkopo Eastleigh ama Kamukunji, mkopo wa sako una wadhamini watatu ambao ni shemeji yake, mwalimu mwenzake wa zamani na rafiki wa kanisani. Kistoli kikiporwa, wanaolipa ni hao wanne. Tajiri anayezungumziwa kwenye hizi hoja huwa hayuko River Road.

Najua jibu linalokuja: serikali imeiba zaidi. Inawezekana, na hiyo ndiyo sababu watu wako barabarani. Lakini aliyeporwa simu hamsini Jumatano si yule aliyepora bajeti. Kumwambia avumilie kwa niaba ya nchi ni kumtoza ushuru mwingine ambao hakuna Bunge lililoupitisha.

Na wahuni wa kukodiwa? Wapo. Tumeona watu wenye rungu na mijeledi, juu ya pikipiki, wakiingia kwenye maandamano wakiwa wamejipanga. Upande mmoja huitumia hoja hii kujiosha, mwingine huikana kabisa. Kwa aliye kando, inabadilisha kitu kimoja: kiasi cha hatari. Kijana mmoja aliyelewa msisimko wa siku unaweza kumwaibisha kwa maneno akarudisha kile kiti. Genge lililolipwa halina aibu nawe, halikujui, na pengine linataka hasa umkabili mmoja wao ili fujo ipate sababu. Dalili huwa zinaonekana. Wanafika pamoja, hawaimbi, hawana bango, wanakwenda moja kwa moja kwa duka la simu na la vito, na gari ama pikipiki inasubiri kwa kichochoro. Ukiona hivyo, kazi yako ni kutoa watu hapo na kutoa habari. Mieleka waachie wengine.

Kuna dhana nyingine kwamba watu wakiwa wengi hakuna anayesaidia, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Utafiti wa kisaikolojia wa miaka ya 1960 kule Marekani ndio ulioieneza. Lakini utafiti uliochapishwa 2019, wa video 219 za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ulikuta kwamba katika ugomvi 9 kati ya 10 angalau mtu mmoja wa pembeni aliingilia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mtu kusaidiwa ulivyopanda. Huo ulikuwa ugomvi wa watu kwa watu, maduka hayakuhusika, kwa hivyo tusiunyooshe kupita kiasi. Ila unatuambia kwamba umati si lazima uwe bubu, na kwamba wanaoingilia mara nyingi hawafanyi maajabu: wanasimama katikati, wanatuliza, wanamvuta mtu pembeni.

Ndiyo maana nikiulizwa mimi, jibu langu linategemea dakika gani tuko. Kabla kioo hakijavunjika, sauti ina nguvu kuliko mikono. Watu kumi wakisimama mbele ya mlango, wakigeuza mgongo kwa duka na uso kwa umati, wakianzisha wimbo, wakiita "tusiharibu, tusiharibu", mrusha jiwe anaanza kutafuta mahali pengine. Ni kazi ya watu kumi, si ya mtu mmoja. Ukiwa peke yako usijaribu.

Kikishavunjika na watu wameingia, duka limeshaenda. Sioni runinga inayostahili wewe uchomwe kisu, na hata soja ambaye ni kazi yake, mshahara wake wa mwezi haununui ile runinga anayoilinda. Swali sasa ni lile la kwanza, nani yuko ndani. Kama kuna watu, piga kelele kwamba kuna watu. Wengi wa wanaoingia kwa fujo ni wafuasi tu wa fujo, na sentensi "kuna mama na mtoto ndani" huwasimamisha baadhi yao. Saidia walio ndani wapate pa kutokea. Moto ukitajwa, hapo ndipo mimi naona mtu ana haki ya kushika mkono wa mtu, na ndipo kifungu cha 392 nacho kinaamka. Kibiriti kinazuilika kikiwa bado mkononi. Dakika mbili baadaye ni kazi ya zimamoto ambao hawawezi kupita.

Baadaye kuna kazi ambayo hatuifanyi vizuri, ya ushahidi. Video yako ina maana mahakamani ikiwa inaweza kuthibitishwa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza zilivyotengenezwa na kwa kifaa gani. Kwa hivyo hifadhi faili halisi kwa simu yako. Ile iliyopitia WhatsApp mara sita, ikakatwa na kuwekewa muziki, wakili wa upande wa pili ataishika shingo. Peleka kwa mwenye duka, andikisha OB, kubali kuwa shahidi. Ukiogopa, na si ujinga kuogopa, kuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, lililoundwa kwa sheria ya 2006.

Usichofanya ni kuposti uso wa mtu na maneno "mtafuteni huyu". Umekosea mtu? Umempa umati jina la bure. Hukukosea? Bado umewapa umati kazi ya korti. Na video hiyo hiyo ina nyuso za watu wengine ishirini waliokuwa wanaandamana kwa haki yao. Siku hizi kuna watu wanaozikusanya hizo nyuso kwa sababu zisizohusu duka la mtu. Fikiria kabla hujabonyeza.

Mwisho ni hili la wiki inayofuata, ambalo halina moshi wala mawe. Simu mpya bila boksi, nusu bei, "jamaa anauza haraka". Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ni hadi miaka 3. Kupokea mali ya wizi ukijua, ama ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, kifungu cha 322, ni hadi miaka 14. Ndiyo, mnunuzi anaweza kukaa ndani kuliko mwizi. Wale walioandika "mimi nilikuwa natazama tu" tarehe 25, wengine wao wanaandika kwa simu hizo.

Uzi ujao: notisi ya maandamano. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14, na kila mwaka kuna anayedai notisi ni kuomba ruhusa. Leteni maswali hapa chini. Wenye maduka hasa, nawangoja.